Kwa nini Thakur alimwachia Gabbar? Makosa ya filamu na wenye makosa yao

Mwaka 2025, filamu ya Kihindi ya Sholay ilipotimiza miaka 50, ilionyeshwa mjini Bologna, Italia, ikiwa na mwisho tofauti kabisa na ule uliopelekwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1975. Katika mwisho huo Thakur, mzee aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anamuua Gabbar kwa miguu yake. Hakuna polisi anayetokea kumzuia. Hakuna hotuba kuhusu sheria. Mzee analipiza kisasi chake, kisha analia.

Wengi wetu tuliotazama Sholay, iwe sinemani mjini, kwenye deki ya jirani au siku hizi kwenye simu, hatuijui filamu hiyo. Tunayoijua sisi inaisha hivi: Gabbar yuko chini, Thakur anamkanyaga kwa viatu vyenye misumari, bado kidogo tu amalize kazi. Mara polisi wanafika na kumwambia aiachie sheria ifanye kazi yake. Naye anatii.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, na katika sehemu nyingi haujaisha hadi leo. Mtu aliyeuliwa familia yake, hata mjukuu mdogo, akakatwa mikono, akawakodi vijana wawili na kuwaapisha wamletee jambazi huyo akiwa hai ili ammalize mwenyewe, mmoja wa vijana hao akafa katika kazi hiyo. Mtu huyo anasikiliza maneno ya dakika moja na kuacha? Wapo waliosema mwandishi alichoka. Wapo waliosema ndivyo sinema za Kihindi zilivyo, haziishi bila polisi kuchelewa.

Mwandishi hakuchoka. Salim Khan na Javed Akhtar, walioandika hadithi, pamoja na mwongozaji Ramesh Sippy, walipanga mwisho wa kisasi na ukapigwa picha. Lakini mwezi Juni 1975 Waziri Mkuu Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari nchini India. Wapinzani walitiwa ndani, magazeti yakawekewa udhibiti. Sholay ilikuwa itoke tarehe 15 Agosti mwaka huohuo. Wakaguzi wa filamu hawakukubali umma uonyeshwe mtu akijichukulia sheria mkononi na kuachwa hivihivi, tena mtu ambaye katika hadithi alikuwa ofisa wa polisi. Ikabidi mwisho upigwe picha upya, na polisi waingizwe.

Kwa hiyo pengo lile mliloliona lipo kweli. Hamkukosea kulishangaa. Ila aliyelichimba hakuwa mwandishi, ilikuwa serikali.

Tumeanza na habari hii kwa sababu ubishi juu ya makosa ya filamu ni miongoni mwa mambo yanayoletwa sana kwetu kwa ujumbe wa simu, na mara nyingi unaishia kwenye neno moja: "uongo". Gari limepona ghafla, uongo. Risasi haziishi, uongo. Steringi kapigwa na watu ishirini na bado nywele zimechanwa, uongo. Neno hilo linamaliza mazungumzo mapema mno. Kila kosa lina mwenyewe, na lina mtu anayelilipia. Kuna ambalo hakuna anayelilipia, tunacheka na kuendelea kutazama. Lakini kuna ambalo linalipiwa na watu waliokwisha kufa, ambao hawawezi kujitetea.

Tangi la maji la Ramgarh

Tubaki kidogo kwenye Sholay. Kijiji cha Ramgarh hakina umeme. Jioni tunamwona Radha, mkwe wa Thakur aliyefiwa na mume, akizima taa za mafuta moja baada ya nyingine. Hata hivyo kijiji hichohicho kina tangi kubwa la maji juu ya nguzo ndefu, ambalo Veeru anapanda akiwa amelewa na kutishia kujirusha asipoozeshwa Basanti. Swali ambalo Wahindi wenyewe wamelifanyia utani kwa miaka mingi ni hili: bila umeme, nani aliyapandisha maji kule juu?

Huko mijini swali hili huonekana limeiua hadithi. Msikilizaji anayeishi kijijini analijibu bila kunyanyuka. Mashine ya dizeli. Tangi la maji linaweza kutangulia kijijini miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimikwa, na zipo sehemu ambazo mambo bado yako hivyo. Filamu haituonyeshi pampu, ni kweli, lakini pia haituonyeshi choo cha Thakur na hatusemi hana.

Hili ni jambo la kuangalia kabla ya kubishana: je, kitu hakiwezekani, au hakikuonyeshwa tu? Viwili hivyo si sawa. Mikono ya Thakur, kwa mfano, ni kosa la kweli. Mwigizaji Sanjeev Kumar alikuwa na mikono yake yote, aliificha ndani ya nguo, na katika pambano la mwisho wenye macho makali huiona ikijitokeza chini ya shati. Hapo hakuna cha kumtetea mtu. Tunasamehe, basi.

Gari la Komando

Kosa maarufu kuliko yote mabandani huenda ni lile la gari la njano katika Commando, filamu ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985. John Matrix anamfukuza mmoja wa watu waliomteka binti yake. Gari la yule bwana, Porsche ya njano, linapinduka na kulala ubavu, ubavu wote umebonyea. Matrix anamshughulikia bwana huyo kwenye ukingo wa genge, analisukuma gari likasimama kwa magurudumu yake, anapanda na kuondoka. Likitoka hapo, gari ni zima kama limetoka dukani.

Kosa hili ni la kazi ya mikono. Filamu haipigwi picha kwa mpangilio tunaoutazama. Mwisho unaweza kupigwa siku ya kwanza na mwanzo siku ya arobaini, kwa sababu kukodi sehemu, magari na watu ni gharama, na kila kinachofanyika mahali pamoja hufanyika kwa pamoja. Panapohitajika gari la kuvunjwa na gari la kuendeshwa, huwapo magari mawili au zaidi yanayofanana. Ndiyo maana katika kila kikosi cha filamu huwapo mtu mwenye daftari ambaye kazi yake ni kukumbuka: kidonda kilikuwa shavu gani, glasi ilikuwa na maji kiasi gani, ubavu upi wa gari umebonyea. Mtu huyo akipitiwa, au mwongozaji akiambiwa na akaona hakuna fedha ya kurudia, gari linapona.

Nani analilipia kosa hilo? Hakuna. Tena tunathubutu kusema limeiongezea filamu maisha, kwani miaka arobaini baadaye bado kuna wanaoirudisha nyuma ili wamwonyeshe mwenzao.

Kuna fundi mwingine ambaye hatajwi sana katika ubishi huu, naye ni mtafsiri. Wengi wa kizazi chetu hawakumsikia Schwarzenegger akizungumza. Walimsikia Lufufu, kama wako Tanzania. Kenya walimsikia DJ Afro, na Uganda VJ Jingo. Watu hawa wamefanya kazi kubwa, na wapo wanaopenda utani wao kuliko filamu yenyewe. Lakini mtafsiri anaongea juu ya sauti ya mwigizaji. Akiwa katikati ya utani kuhusu suruali ya jambazi, jambazi anasema sentensi ndogo inayoeleza kwa nini mlango haukufungwa. Sentensi imepita. Nusu saa baadaye banda zima linauliza, "Mbona mlango uko wazi?" Ongeza na nakala zilizobanwa ili filamu kumi ziingie kwenye diski moja, nyingine zikiwa zimekatwa mwanzo au mwisho, na mtaona kwamba sehemu nzuri ya mapengo tunayoyabishania yalizaliwa huku kwetu, hayakutoka Hollywood.

Mlango wa Titanic

Sasa tufike kwenye ubishi mkubwa kuliko wote. Titanic ilitoka mwaka 1997, ikapata tuzo 11 za Oscar, na tangu hapo dunia haijakubaliana kuhusu kipande cha ubao. Meli imezama. Rose amelala juu ya kipande cha mlango kinachoelea. Jack yuko majini, ameshika ukingo, na anakufa kwa baridi. Steringi amekufa, jambo ambalo kwa sheria za bandani halikubaliki, na watazamaji wakatafuta wa kulaumiwa. Wakampata Rose. Si angesogea kidogo?

Wanaosema hivyo husahau kwamba filamu yenyewe ililijibu swali. Jack anajaribu kupanda. Ubao unalala upande, Rose anakaribia kumwagika, na Jack anaamua kumwachia. Nafasi ya kulala watu wawili ilikuwapo. Kilichokosekana ni nguvu ya ubao kuwabeba wawili bila kuzama. Mvuvi yeyote wa Ziwa Victoria au Tanganyika anajua tofauti hiyo: mtumbwi unaweza kuwa na nafasi ya watu sita, na watu wanne wakitosha kuujaza maji.

Mwaka 2012 kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilijaribu. Waligundua kwamba kama jaketi la kuokolea maisha la Rose lingefungwa chini ya ubao, ubao ungepata nguvu ya kuwabeba wote. Mwongozaji James Cameron aliwajibu, kwa maana, kwamba labda ubao ungekuwa mdogo zaidi, lakini Jack lazima afe kwa sababu hadithi inasema afe. Jibu hilo liliwaudhi watu. Sisi tunaliona la haki, ingawa halijamaliza neno: ukiahidi hadithi ya mapenzi na kifo, unawajibika kukifanya kifo kiaminike.

Inaonekana hata Cameron mwenyewe lilimkera, kwani mwaka 2023 alifanya jaribio lake na National Geographic. Walichukuliwa watu wawili wenye maumbo kama ya Jack na Rose, wakaingizwa katika maji ya baridi, ingawa si baridi ya kugandisha kama ile ya usiku wa Aprili 1912, na wataalamu wakapima miili yao. Walijaribu njia nne. Katika njia ambayo wote wawili wanalala na miili yao kubaki majini, Jack anakufa upesi. Walipokaa namna ya kutoa sehemu kubwa ya kifua nje ya maji, hali ikawa nafuu. Katika njia ya mwisho, Rose anampa Jack jaketi lake, na hapo Cameron alikiri kwamba huenda Jack angefikia boti ya uokoaji akiwa hai. Huenda. Kisha akaongeza hoja ambayo tunaona ndiyo nzito: Jack asingefanya jambo lolote ambalo lingemhatarisha Rose. Vijana wawili gizani, ndani ya maji yanayoua kwa dakika, hawana muda wa kujaribu njia nne.

Wakati watu wakigombania ubao, kulikuwa na makosa mengine ambayo wachache waliyaona. Mtaalamu wa nyota Neil deGrasse Tyson alilalamika kwamba nyota zilizo juu ya Rose si za usiku ule wala bahari ile, na kwamba nusu moja ya anga ilikuwa nakala ya nusu nyingine, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Cameron alizirekebisha filamu ilipotolewa upya mwaka 2012. Na Jack anasimulia jinsi alivyokwenda kuvua na baba yake katika ziwa Wissota, huko Wisconsin. Ziwa hilo ni bwawa. Lilitokea mto ulipozibwa, mwaka 1917, miaka mitano baada ya Titanic kuzama. Ni sawa na mzee akusimulie kwamba mwaka 1950 alivua samaki bwawa la Mtera.

Ubao wenyewe uliotumika katika filamu uliuzwa kwa mnada Machi 2024 kwa dola 718,750. Kosa, kama ni kosa, limelipa.

Rafiki ametoka wapi?

Makosa ya mahali yanatugusa zaidi, kwa sababu mara nyingi mahali penyewe ni kwetu. Katika The Lion King ya mwaka 1994 kuna Simba, kuna Rafiki, kuna Pumbaa, majina ya Kiswahili yanayoeleweka na mtoto. Nchi inafanana na mbuga zetu. Lakini Rafiki, kwa sura yake ya rangi nyekundu na buluu, ni nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni. Timon ni mnyama wa nchi kavu za Botswana na Namibia. Wimbo wa kufungua filamu unaanza kwa Kizulu. Wakanda ya Black Panther nayo, kwenye ramani za filamu hizo, iko upande wetu wa Afrika, ilhali watu wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini.

Tungeweza kukasirika, na wapo waliokasirika. Kwa Wakanda tunatoa nafuu. Kixhosa kiliingia kupitia mwigizaji mzee John Kani, aliyecheza mfalme T'Chaka katika filamu iliyotangulia mwaka 2016. Ni lugha yake ya kuzaliwa, na waliofuata waliisoma ili waifuate. Nchi ni ya kubuni, lugha ni ya kweli na imetamkwa kwa heshima. Kwa Rafiki hatuna utetezi kama huo, ila mtoto aliyetazama filamu hiyo akifika Serengeti atamtafuta nyani yule na hatampata.

Daktari ambaye hakuwapo

Tumeacha la mwisho lile lenye uzito. The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006, ilipigwa picha kwa sehemu kubwa Uganda. Forest Whitaker alimwigiza Idi Amin, akajifunza hata Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, na akapewa Oscar. Anayetusimulia hadithi ni daktari kijana kutoka Scotland, Nicholas Garrigan, anayekuwa tabibu na mshauri wa Amin, anafanya mapenzi na mke wake Kay, na mwishowe anaondoka Entebbe pamoja na mateka wa ndege iliyotekwa mwaka 1976.

Daktari huyo hakuwapo. Alibuniwa na mwandishi Giles Foden katika riwaya yake ya mwaka 1998. Amin alikuwapo. Mateka wa Entebbe walikuwapo. Kay alikuwapo. Alikuwa mke wa Amin, alikuwa mama, na alikufa mwaka 1974. Mwili wake ulikutwa umekatwakatwa, na habari zilizosimuliwa na watu wa wakati ule zilihusisha kifo hicho na jaribio la kutoa mimba lililokwenda vibaya. Filamu inalitoa jambo hilo zito mahali pake na kulifanya adhabu ya mume kwa mke aliyelala na daktari wa Kizungu, yule ambaye hakuwapo.

Hapa hatuulizi tena kuhusu gari la njano. Mtu wa kubuni amepewa uhusiano na mwanamke wa kweli, na mamilioni ya watazamaji wamemjua mwanamke huyo kwa hilo tu. Watetezi wa filamu husema riwaya ina uhuru wake, na kwamba sura ya Amin, kucheka kwake na kubadilika kwake ghafla, imeshikwa vizuri kuliko katika vitabu vingi. La pili tunalikubali. La kwanza tungelikubali pia kama jina la Kay lingebadilishwa. Lingegharimu nini?

Filamu za aina hii huwa na maandishi madogo mwishoni kabisa, yanayosema kwamba baadhi ya watu na matukio yamebuniwa au kubadilishwa. Yanapita upesi, kwa Kiingereza, baada ya majina ya mafundi na madereva. Mtafsiri hayatafsiri. Kwenye nakala zilizobanwa ndiyo ya kwanza kukatwa, na bandani, yanapoanza kupanda, mwenye banda ameshasimama kubadilisha diski.